Salmoni wa Asali na Pekani: Niliyojifunza Jikoni Kent

Mnofu wa salmoni uliopakwa asali na kufunikwa njugu za pekani una vitu vitatu visivyopatana kwenye moto mmoja. Samaki anataka kutoka mapema. Asali inataka joto la kuishikisha tu. Likizidi inaungua na kuwa chungu. Njugu zinataka kukauka taratibu, tena mbele ya macho ya mpishi. Ukivitia vyote kwenye oveni kwa pamoja ukaenda zako sebuleni, kimoja kitawaharibia wenzake. Nimepika chakula hiki kwa miaka katika jiko la nyumba ya kutunzia wazee huko Kent, kusini mwa Seattle, Marekani, na karibu kila nilichojifunza kinahusu hilo: nani aingie kwanza, nani amfuate.

Mimi ni mtu wa Tanga. Samaki niliokua nao ni changu, tasi na kibua, wa kukaanga au wa kupaka, kwa chumvi, ndimu, pilipili na kitunguu saumu. Utamu wetu tuliuachia kaimati na visheti. Nilipomweleza mama kwenye simu kwamba huku samaki anapakwa asali, alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyo samaki anakohoa?" Kwetu asali ilikuwa ikitoka kabatini mtu akibanwa na kifua. Nilicheka, lakini baadaye nikaona kwamba ugeni wenyewe haukuwa mkubwa kama tulivyoufanya. Ukwaju wa kupaka samaki tunautia sukari kidogo na hatusemi kitu. Na ukivuka kwenda Uganda, samaki aliyekaushwa kwa moshi huungwa kwa mchuzi wa karanga na watu hujilamba vidole. Kilichokuwa kigeni kwangu ni oveni. Nimelelewa na jiko la mkaa, ambalo unaliona na kulisikia, na chakula unakigeuza kwa mkono wako mwenyewe. Oveni ni sanduku lililofungwa, na lina tabia zake.

Chakula hiki kililetwa kazini na mpishi mkuu wetu, mama mtu mzima aliyezaliwa Georgia. Georgia na New Mexico ndiyo majimbo yanayoshindania mavuno makubwa ya pekani Marekani, na yeye alikuwa haamini njugu nyingine. Pekani ni njugu ya asili ya Amerika Kaskazini, yenye mafuta mengi, kiasi cha asilimia 70 ya uzito wake, na utamu wa mbali unaokaa vizuri na asali. Siku moja tukizichambua alinisimulia habari ambayo baadaye niliisoma mwenyewe. Miti ya pekani iliyopandwa kwa mbegu haifanani; kila mmoja hutoa njugu za namna yake. Aliyefanikiwa kuunganisha vitawi vya mti bora kwenye mashina mengine, ili mti bora upate kuzidishwa, alikuwa mtumwa aitwaye Antoine, mtunza bustani katika shamba la Oak Alley, Louisiana, majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847. Njugu za miti yake zilisifiwa kwenye maonyesho ya Philadelphia ya 1876, na aina hiyo ikapewa jina la Centennial. Yeye mwenyewe hakutajwa kwenye jina hilo. Mama yule alilisimulia jambo hili huku kisu chake kikiendelea kukatakata.

Turudi kwa samaki, maana hapo ndipo pesa inapotoka. Katika maduka ya huku lebo ikiandikwa Atlantic, jua ni salmoni wa kufugwa, kwa kuwa kuvua salmoni wa mwituni wa Atlantiki kwa biashara kumepigwa marufuku Marekani. Ikiandikwa Alaska ni wa mwituni, kwa sababu jimbo hilo lilikataza ufugaji wa samaki wa aina hii mwaka 1990. Salmoni wa Pasifiki wanaouzwa ni wa aina tano: king, sockeye, coho, pink na chum. King ndiye mnono kuliko wote na bei yake inajua hivyo. Sockeye ni mwekundu sana, mafuta yake ni machache kuliko ya king, na ladha yake kali. Wa kufugwa ni mnene, mwenye mistari myeupe ya mafuta katikati ya nyama, na anasamehe. Ukichelewa dakika mbili bado analika. Sockeye ukimchelewesha dakika mbili hizo hizo anakuwa wa kutafuna na maji pembeni. Rangi isikudanganye. Salmoni wa mwituni huipata kutoka kwa viumbe wadogo wa jamii ya kamba anaowala. Wa kufugwa hutiliwa rangi hiyo hiyo, inayoitwa astaksanthini, kwenye chakula chake, na bila hiyo nyama yake ingekuwa ya kijivu.

Katikati ya Mei hufika Seattle kwa ndege salmoni wa kwanza wa mto Copper wa Alaska, na watu hulipa bei za kustaajabisha. Mimi kwa chakula hiki sishauri kabisa. Samaki wa bei ile anataka chumvi na moto tu. Kumfunika asali na njugu ni kumvisha mtu mzuri koti la mvua. Nunua coho aliyegandishwa au wa kufugwa, utakula vizuri. Waliogandishwa nawaamini kuliko wengi wanaolala juu ya barafu kwenye meza ya duka, ambao mara nyingi nao waligandishwa, wakayeyushwa, na maandishi madogo kwenye lebo yanakiri hivyo.

Kama samaki amefungwa kwenye plastiki iliyofyonzwa hewa, ifungue au itoboe kabla ya kumyeyusha kwenye friji. Jikoni kwetu hilo ni amri. Kuna bakteria wa sumu aitwaye Clostridium botulinum anayestawi pasipo na hewa, na aina yake moja inayohusiana na samaki huweza kukua hata kwenye ubaridi wa friji. Kutoboa plastiki ni kazi ya sekunde moja.

Halafu miiba. Salmoni ana safu ya miiba midogo ndani ya upande mnene wa mnofu, haionekani lakini kidole kinaihisi. Pitisha kidole kutoka kichwani kwenda mkiani, kisha ivute mmoja mmoja kwa koleo ndogo, ukivuta kwa kulalia upande wa kichwa ili nyama isichanike. Sisi tuliozoea kula changu na kuchambua miiba mdomoni tunaiona kazi hii ya kudekeza watu. Ukipikia mzee wa miaka tisini huioni hivyo tena.

Nyunyiza chumvi robo saa kabla ya kuoka, uache, kisha ukaushe maji yote kwa karatasi za jikoni, kausha kwelikweli. Mpako hauwezi kushika juu ya samaki mwenye maji. Utateleza na kukusanyika kwenye trei. Chumvi hiyo ya mapema pia inapunguza ule utando mweupe unaotoka kwenye salmoni akiiva, ambao wengi hudhani ni mafuta au uchafu. Ni protini inayosukumwa nje nyama inapojikaza kwa joto. Haina madhara, ila ikitoka nyingi ujue moto umezidi au muda umepita.

Kwa mnofu wa kilo moja natumia vijiko vikubwa vitatu vya asali, viwili vya haradali, viwili vya siagi iliyoyeyushwa, kimoja cha maji ya ndimu, kitunguu saumu kilichosagwa kidogo na pilipili manga. Wengine hutumia shira ya mti wa mepo (maple) badala ya asali. Ni nzuri, ina harufu ya moshi na kuni, na bei yake unaielewa ukijua kwamba lita moja hutokana na takribani lita 40 za utomvu uliochemshwa. Lakini ni nyepesi, inakimbia zaidi. Asali nayo usiiamini kwa uzito wake chupani: ikipata moto inalegea na kutiririka. Kazi ya haradali hapa inazidi ladha. Ndiyo inayoshikamanisha asali, siagi na ndimu visiachane, na kuupa mpako uzito wa kubaki juu ya samaki. Mara nyingi nimeona watu wakiipunguza kwa kuogopa ukali wake, kisha wakalalamika kwamba asali yote imeishia chini ya samaki na kuungua, na king'ora cha moshi kimeamsha jengo zima.

Neno moja kwa Waislamu wenzangu. Haradali ya mtindo wa Dijon mara nyingi hutengenezwa kwa mvinyo mweupe. Soma lebo, zipo za siki tupu, na haradali ya njano ya kawaida inafaa ukiongeza ndimu kidogo. Mpishi mkuu wetu hakuwahi kunibishia juu ya hili. Alihamia ya siki kwa jiko zima, akasema hasikii tofauti, nami nasema hivyo hivyo.

Aliyepika shira ya kaimati ana faida kubwa hapa. Anajua kwamba sukari ikiwa motoni huonekana nyepesi, na ikipoa ndipo inapoonyesha uzito wake wa kweli. Nimefanya kazi na vijana waliokuwa wakichemsha mpako kwenye sufuria mpaka uonekane mzito ukiwa bado unatokota. Ukipoa juu ya samaki unakuwa kitu cha kung'oa meno. Mpako huu hauhitaji kuchemshwa. Changanya tu kwenye bakuli, basi.

Njugu: nusu kikombe cha pekani zilizokatwakatwa kwa kisu, zisisagwe, robo kikombe cha chenga za mkate mkavu, kotimiri kidogo, kijiko cha siagi. Mashine ya kusagia hutoa unga na mafuta, unapata kitu kama siagi ya karanga. Chenga za mkate usizidharau. Hunyonya asali inayotaka kukimbia na kufanya tabaka la juu likae pamoja ukikata. Kabla ya yote onja pekani moja. Njugu yenye mafuta kiasi kile huchacha upesi ikikaa kwenye kabati la joto, na iliyochacha hunuka rangi ya ukuta. Sisi huziweka kwenye friza.

Sasa moto. Oveni iwe nyuzi 400 za Farenhaiti, yaani kama 204 za Selsiasi, na iwe imeshika moto kabla samaki hajaingia. Wapishi wengi hukadiria dakika 10 kwa kila inchi ya unene, nami nimeikuta kadirio hilo likitosha kuanzia. Ukimpa samaki mpako na njugu tangu mwanzo, ikiwa mnofu ni mwembamba mtatoka salama. Ukiwa mnene, njugu zitakuwa nyeusi na katikati ya samaki bado kubichi. Kwa hiyo natandika karatasi ya kuokea, namlaza samaki ngozi chini, nakunja ncha nyembamba ya mkia iende chini ya nyama ili unene ulingane, napaka mpako kidogo sana, kiasi cha kung'arisha, na kumwingiza peke yake. Dakika tano au sita. Namtoa, napaka mpako uliobaki, nene sasa, nashindilia njugu kwa kiganja cha mkono, na kumrudisha kwa dakika nyingine tano au sita. Kwa mpangilio huo njugu zinapata joto la kukaukia na harufu, asali inaganda bila kuungua, na samaki amekuwa na muda wake.

Kuna wanaopenda kumalizia kwa moto unaoshuka kutoka juu ya oveni ili njugu zing'ae. Sipendi. Pekani huhama kutoka rangi ya dhahabu kwenda nyeusi kwa nukta chache, na anayefanya hivyo lazima asimame hapo hapo, mlango wa oveni wazi, simu mfukoni.

Kuhusu kuiva, kwenye nyumba ya wazee hakuna mjadala: kipimajoto kinachomwa sehemu nene zaidi, kisome 145 za Farenhaiti, nyuzi 63 za Selsiasi, ndicho kiwango kinachotolewa na mamlaka za chakula Marekani. Kinaandikwa kwenye daftari, na saa inaandikwa. Nyumbani kwangu, kwa watu wazima wenye afya, namtoa salmoni wa kufugwa akiwa kwenye 52 au 54 hivi, namwacha dakika tano, na joto lililomo linaendelea kupanda. Anakuwa laini, nyama inaachana kwa uma. Kwa mjamzito, mtoto au mgonjwa narudi kwenye 63 bila kinyongo. Mpako wa siagi na asali unasaidia hapo, kwa kuwa samaki aliyeiva sana ana kitu cha kumlainisha. Nadhani ndiyo sababu mpishi mkuu alikichagua chakula hiki kwa wazee tangu mwanzo, ingawa yeye alikuwa akisema ni kwa sababu kinanukia krismasi.

Wazee walinifundisha mengine ambayo mapishi ya mitandaoni hayasemi. Mwenye meno ya bandia hapendi vipande vya njugu vinavyoingia chini ya fizi, basi zake tulizikata ndogo zaidi. Mwenye shida ya kumeza hapewi njugu kabisa. Anachambuliwa samaki, akamwagiwa mpako uliopashwa. Mwenye kisukari hatukumnyima, ila tulihesabu: kijiko kikubwa cha asali kina kama gramu 17 za sukari, vijiko vitatu vikigawanywa kwa watu sita ni gramu nane na ushee kila mmoja, na hiyo iliingizwa kwenye hesabu ya mlo wake.

Na mzio. Sheria ya Marekani inataja vyakula tisa vikubwa vinavyoleta mzio, ufuta ukiwa wa mwisho kuongezwa, kuanzia Januari 2023. Sahani hii moja ina vinne: samaki, njugu za mitini, ngano iliyomo kwenye chenga za mkate, na maziwa yaliyomo kwenye siagi. Ukialika watu harusini au kwenye futari, waulize kabla. Kwa wasiokula njugu natumia mbegu za maboga, ambazo hukauka vizuri, na trei yao, brashi yao na kisu chao huwa mbali. Kukwangua njugu kutoka kwenye kipande kilichokwisha kuokwa ukampa mwenye mzio ni kucheza na roho ya mtu.

Nimeishi karibu na samaki huyu kuliko nilivyotarajia. Mto Green unapita Kent penyewe, na kila vuli salmoni hupanda kutoka baharini kwenda kutaga juu; kituo cha kuzalisha salmoni cha Soos Creek, karibu na Auburn, kipo tangu 1901. Watoto wangu mimi huwapeleka Ballard, mtaa wa Seattle, kwenye milango ya maji ya kupitishia meli iliyofunguliwa 1917, ambako kuna madirisha ya kioo chini ya maji na unawaona samaki wakipanda ngazi yao: sockeye mwezi Julai, king kuelekea mwisho wa Agosti, coho Septemba. Makabila ya asili ya pwani hii, wakiwemo Wamuckleshoot wa mto wetu, walipigania haki yao ya kuvua mpaka mahakamani, na mwaka 1974 Jaji George Boldt akaamua kwamba mikataba yao inawapa nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa. Wao humwoka salmoni kwa kumchomeka kwenye vijiti kando ya moto wa kuni. Nilipowaona kwenye sherehe mara ya kwanza nilisahau kabisa oveni. Huo ulikuwa moto ninaoujua, wa kusimama nao na kugeuza kwa mkono.

Walio nyumbani huniuliza wafanyeje, maana salmoni anayefika Dar es Salaam au Nairobi ametoka mbali, na bei yake inamfuata. Kwa Kenya jibu zuri ni trauti, ndugu wa karibu wa salmoni, anayefugwa kwenye maji baridi ya Mlima Kenya. Punguza muda tu, kwa kuwa ni mwembamba. Sangara wa Ziwa Victoria ana mnofu mnene na anaupokea mpako huu vizuri. Nguru pia, ila ni mkavu, basi ongeza siagi na umtoe mapema. Sato ni mwembamba. Mpe kila kitu kwa pamoja tangu mwanzo. Na pekani za nini wakati Mtwara na Lindi ziko pale? Korosho mbichi, zisizokaangwa, zikatwe kubwa kidogo, kwa kuwa zina wanga na sukari zaidi na hupata rangi upesi; zitie dakika nne za mwisho tu. Zilizokwisha kukaangwa za mfukoni zitaungua. Karanga nimezijaribu, zinamfunika samaki kwa ladha yake mpaka humsikii.

Kinachobaki usikitie maikrowevu. Nyumba itanuka siku mbili na njugu zitakuwa kama zimelowekwa. Wazee walikila baridi juu ya saladi siku ya pili. Nyumbani kwangu nakwangua tabaka la juu na kulikausha upya kwenye kikaango kikavu, nachambua samaki, natia kitunguu kibichi, pilipili ya kijani na ndimu ya kutosha kuudhibiti ule utamu, kisha naifungia kwenye manda za sambusa. Zile njugu zilizokaushwa huingia ndani pia, zikiwa za mwisho, zisipate kunyonya maji ya kitunguu.